Sabini ya hisabati, sabini ya historia

Swali la wiki liliuliza: je, daraja la kwanza la shahada ya chuo kimoja lina uzito sawa na la chuo kingine? Kwangu mimi halina, ila naona vyuo vinabebeshwa lawama kupita kiasi. Mara nyingi pengo kubwa limo ndani ya chuo kilekile, kati ya fani na fani.

Chukua mtihani wa hisabati. Swali lina alama 20: aliyepata njia na jibu anazoa zote, asiyejua pa kuanzia anaondoka na mbili za huruma. Matokeo yanatawanyika, huyu 95, yule 28. Kwenye insha ya historia, msahihishaji hajawahi kuona insha isiyo na dosari, kwa hiyo 75 kwake ni sifa kubwa. Wala hamwangushi hivihivi mtu aliyejaza kurasa nne zenye mantiki. Alama zinabanana kati ya 50 na 70. Uingereza, ambako daraja la kwanza kwa kawaida huanzia 70, mwanahisabati hodari anauruka mstari huo kwa mbali. Mwanahistoria hodari anaupita kwa tabu. (Mwanahisabati dhaifu naye huanguka vibaya, hilo tusilisahau.)

Sheria nchini Ujerumani ndiyo kituko. Alama ni 0 hadi 18, kufaulu ni 4, na anayefikisha 9 kwenye mtihani wa serikali anaheshimika. Mgeni akiiona hiyo 9 atasema kijana kapata nusu tu!

Vyuo navyo vina yao. Mwaka 2004 Princeton, chuo kikuu cha Marekani, iliweka lengo kwamba A zisizidi asilimia 35, wanafunzi wakalalamika kuwa wanaumizwa mbele ya wenzao wa vyuo vyenye mkono mwepesi, na mwaka 2014 mpango ukafutwa. Watahini wa nje, yaani wahadhiri wa vyuo vingine wanaoalikwa kukagua usahihishaji, husaidia kuvilinganisha vyuo, lakini mtahini wa nje wa historia ni mwanahistoria. Hisabati haimhusu.

Ningependa hati ya matokeo ionyeshe, kando ya kila alama, wastani wa darasa zima katika somo hilo. Mwajiri anayetangaza "daraja la pili la juu kwenda mbele" angejua basi kama 64 aliyoishika mkononi ni ya kinara au ya mtu wa katikati. Takwimu zenyewe ofisi ya mitihani inazo tayari. Ni kuongeza safu moja tu kwenye karatasi.