Kabla ya Kufunga Sola Uganda, Piga Hesabu ya Yaka na ya Petroli

Watu wanaoingia dukani kwangu hapa Tororo na kuona paneli juu ya paa huniuliza swali lile lile: je, serikali inamsaidia kiasi gani mtu anayefunga sola? Wengi wamesikia habari za Marekani, ambako hadi mwisho wa 2025 mwenye nyumba alipunguziwa kodi ya mapato kwa kiasi cha asilimia 30 ya gharama ya mtambo wake, au habari za nchi ambazo kampuni ya umeme hununua umeme unaobaki nyumbani. Huku kwetu msaada upo, ila hauji kama fedha mkononi. Umo ndani ya kodi ambayo bidhaa haitozwi, ndani ya mpangilio wa bei za Yaka (umeme wa gridi unaolipiwa kabla kwa tokeni), na ndani ya mikopo inayoungwa mkono na serikali, na kila mmoja una masharti yake. Baada ya kuendesha duka la vinywaji na vyumba vya kupangisha kwa umeme wa aina zote mbili, ushauri wangu ni kwamba mtu mwenye Yaka asinunue sola kwa nia ya kupunguza gharama ya tokeni. Anunue ili aache kununua petroli ya jenereta.

Tuanze na bei, kwa kuwa hapo ndipo wauzaji wengi wa sola hupita mbio. Bei za umeme hupangwa na ERA, mamlaka inayosimamia sekta ya umeme, ambayo huzitangaza upya kila robo ya mwaka. Kwa bei za Aprili 2025, mwezi ambao UEDCL, kampuni ya serikali, ilipokea usambazaji wa umeme kutoka kwa kampuni iitwayo Umeme baada ya mkataba wa miaka 20 kumalizika, mteja wa nyumbani alilipa shilingi 250 tu kwa kila yuniti (yaani kilowati-saa moja) katika yuniti 15 za kwanza za mwezi. Kuanzia yuniti ya 16 hadi ya 80 bei ilipanda hadi karibu shilingi 756. Kisha, jambo ambalo majirani zangu wengi hawalijui, yuniti ya 81 hadi ya 150 ilishuka na kuwa shilingi 412, kwa lengo la kuwavuta watu wapike kwa umeme badala ya makaa, na baada ya hapo bei ya juu ilirudi. Juu ya yote hayo kuna VAT ya asilimia 18 na ada ya huduma ambayo hukatwa kila mwezi.

Sasa chukua, kwa bei hizo, nyumba inayotumia yuniti 60 kwa mwezi. Yuniti 15 za kwanza ni shilingi 3,750, na 45 zinazobaki ni shilingi 34,020. Ukiongeza VAT unafika karibu 44,600, kabla ya ada ya huduma. Hata sola ikichukua zile yuniti 45 za bei ya juu zote, nyumba hiyo itaokoa kama shilingi 40,000 kwa mwezi, yaani chini ya nusu milioni kwa mwaka. Tuseme mtambo wenyewe umegharimu milioni 4. Utahitaji zaidi ya miaka 8 kurudisha fedha yako, na kabla ya hapo betri za asidi zitakuwa zimekwisha kubadilishwa, pengine mara mbili. Ziguse zile yuniti 15 za mwanzo na hesabu inazidi kuharibika, maana utakuwa unatengeneza kwa gharama kubwa kitu ambacho unauziwa kwa shilingi 250.

Ajabu zaidi ni ya nyumba inayotumia yuniti 120. Mtu hudhani kwamba mwenye matumizi makubwa ndiye atakayenufaika haraka. Lakini sola hupunguza matumizi kutoka juu: yuniti zinazotoka kwanza ni za mwisho wa mwezi, nazo ni zile za shilingi 412. Ukiondoa yuniti 40 hapo, umeokoa chini ya shilingi 20,000 pamoja na VAT. Muuzaji anayekuletea karatasi yenye bei moja kwa yuniti zote, akaizidisha kwa miezi 12, anakuonyesha faida ambayo haipo. Mimi humwomba mtu achukue ujumbe wa tokeni zake za mwaka mzima kwenye simu, aone ananunua yuniti ngapi kila mwezi, ndipo tuzungumze.

Hadithi hugeuka umeme unapokatika. Jenereta ndogo ya petroli, ile ambayo tunaisikia mtaani kila mvua inapoangusha nguzo, hutoa takriban yuniti moja na nusu hadi mbili kwa lita moja, tena ikiwa imebeba mzigo wa kutosha. Lita ikiwa karibu shilingi 5,000, yuniti moja ya jenereta inakugharimu kati ya shilingi 2,500 na 3,300, bila kuhesabu oili, plagi na fundi. Hiyo ni mara tatu au nne ya bei ya juu kabisa ya Yaka. Katika daftari la duka langu, kabla ya sola, petroli ndiyo iliyokuwa ikila faida ya soda na nyama, wala si tokeni. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mfanyabiashara ni hili: katika mwezi wenye kukatika sana umeme, ulinunua petroli ya shilingi ngapi, na ni bidhaa gani iliharibika kwenye friza? Ikiwa jibu ni kidogo, tulia na Yaka yako. Ikiwa jibu linauma, sola itajilipa upesi kuliko karatasi yoyote ya muuzaji inavyosema. Kwa ndugu zetu wa vijijini ambao nguzo bado hazijawafikia, wanaotumia mafuta ya taa na kulipia kuchaji simu sokoni, jambo hili halina mjadala.

Ukishajua unachokimbia, ukubwa wa mtambo haukusumbui tena. Kwa jua la Uganda, paneli za kilowati moja hutoa kwa wastani karibu yuniti 4 kwa siku, na kwa kuwa tuko kwenye ikweta, tofauti ya miezi ni ndogo. Kinachopunguza ni mawingu ya masika ya Machi hadi Mei na ya mvua za Septemba hadi Novemba. Fundi asikupotezee muda kubishana kuhusu kaskazini au kusini. Inatosha paneli ziinamishwe kidogo, nyuzi 10 hadi 15, ili mvua ioshe vumbi, na zisifunikwe na kivuli cha mwembe. Fedha nyingi huliwa na betri. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 200 hubeba yuniti 2.4 kwa maandishi, lakini ikiwa ni ya asidi hupaswi kutumia zaidi ya nusu yake ukitaka iishi. Za lithiamu huvumilia kushushwa hadi asilimia 80 au zaidi, nazo bei yake iko juu. Njia yangu ni kuifanya friza iwe betri: inagandisha kwa nguvu zote mchana wakati jua ni la bure, usiku inafungwa na barafu inashikilia baridi hadi asubuhi. Hivyo betri inabaki kwa taa, simu na mashine ya kuuzia. Hakikisha tu kwamba inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani, inastahimili mshtuko wa friza inapowaka, kwa maana wakati huo huvuta umeme mara kadhaa ya kiwango kilichoandikwa ubavuni.

Kuhusu kodi, hapa ndipo msaada wa serikali ulipo kwa uhakika. Sheria ya VAT ya Uganda imeziweka paneli za sola katika orodha ya bidhaa zisizotozwa kodi hiyo, na sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inasamehe ushuru wa vifaa maalumu vya umeme wa jua, pamoja na betri zake. Lakini msamaha haumfuati kila mtu hadi mlangoni. Nilipoomba bei kutoka kwa duka moja kubwa, karatasi ilikuja na asilimia 18 juu ya jumla yote, paneli zikiwamo. Nilipouliza kwa maandishi ni kifungu gani kinaruhusu hivyo, karatasi mpya ilikuja bila kodi hiyo kwenye paneli. Omba kila kifaa kiandikwe mstari wake, na udai risiti ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa URA (mamlaka ya mapato), ambayo huonyesha kodi ya kila bidhaa. Muuzaji anayekuuzia seti yenye televisheni na feni ndani yake anaweza kutoza kodi kwa vitu hivyo kihalali, na ni vyema uvione vimetengwa. Na usichukulie kwamba nafuu ni ya milele: wenzetu wa Kenya, ng'ambo ya Malaba, waliwekewa VAT kwenye sola katikati ya 2020, kisha ikaondolewa 2021. Bajeti yetu husomwa Juni na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo mtu anayepanga kununua mtambo mkubwa afuatilie mswada wa kodi kabla ya kuweka oda.

Mikopo inahitaji macho makali kuliko kodi. Serikali ina kampuni yake, UECCC, iliyoundwa 2009, ambayo huzipa benki, taasisi ndogo za fedha na SACCO fedha za kukopeshea watu nishati, ili riba iwe nafuu kidogo. Anza kwa kuuliza SACCO yako kama imo katika mpango huo, kabla ya kukubali mkopo wa kawaida wa biashara. Kisha uliza riba inahesabiwaje. Mkopo wa milioni 3 kwa asilimia 2 kwa mwezi, miezi 24, riba ikihesabiwa juu ya mkopo wote wa awali, utalipa riba ya shilingi 1,440,000. Riba hiyo hiyo ikihesabiwa juu ya deni linalobaki, utalipa kama shilingi 807,000. Maneno kwenye bango ni yale yale, asilimia 2, na tofauti ni zaidi ya laki 6. Ile mitambo midogo ya kulipa kidogo kidogo kwa simu, ambayo hujizima usipolipa, ni nafuu kwa asiye na dhamana wala akiba, na imewasha taa katika nyumba nyingi ambazo benki isingezigusa. Ila usiangalie malipo ya siku. Shilingi 2,500 kwa siku kwa miaka 2 ni 1,825,000, na unaweza kuweka jumla hiyo kando ya bei ya taslimu ya paneli na betri za ukubwa uleule dukani, ukaamua kama unafuu wa kulipa polepole una thamani hiyo kwako.

Limebaki lile la kuiuzia gridi. Hapa Tororo tuna mtambo wa jua wa megawati 10 uliozinduliwa 2017, na wapo wanaodhani kwamba kilichofanyika pale kinaweza kufanyika juu ya paa la duka. Mtambo ule, kama ule wa Soroti uliotangulia Desemba 2016, ulipita katika zabuni ya GETFiT, mpango wa kuwavutia wawekezaji wa nishati jadidifu, ukapata mkataba wa bei ya takriban senti 16 za dola kwa yuniti, ambapo UETCL, kampuni ya serikali iliyonunua umeme huo, ililipa senti 11 na zilizosalia zikajazwa kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Huo ulikuwa msaada kwa wawekezaji wakubwa. Hata pale ambapo mwenye nyumba anaruhusiwa kurudisha umeme kwenye gridi, bei hupunguzwa: kanuni za Kenya za 2024 humpa nusu ya yuniti kwa kila yuniti anayoirudisha, na jimbo la California lilipunguza sana malipo kwa mitambo iliyoombewa baada ya katikati ya Aprili 2023. Kwa hiyo usiongeze hata paneli moja kwa tumaini la kuuza. Hesabu mauzo siku utakapokuwa na mkataba uliosainiwa na UEDCL na mita ya pande mbili ukutani. Kabla ya hapo, umeme wa sola usipite kabisa kwenye mita ya Yaka, kwa sababu mita za kulipia kabla zinaweza kuhesabu umeme unaotoka kama matumizi na kukukata yuniti, au kujifunga zikidhani zimechezewa. Lililo baya zaidi ni kwamba fundi wa laini aliyezima umeme barabarani anaweza kuuawa na umeme unaotoka nyumbani kwako. Swichi ya kubadilishia, inayotenga Yaka na inveta moja kwa moja, si pambo.

Kwa hiyo tafuta fundi mwenye kibali cha ERA, uione karatasi yenyewe na si picha kwenye simu, na mwandikiane dhamana ya paneli, ya betri na ya inveta kila moja kwa muda wake. Usimalize malipo siku ya kufunga. Baki na sehemu ya fedha hadi siku yenye mawingu ipite, kisha zima Yaka kwenye swichi kuu saa nane mchana, washa friza, pampu na taa zote kwa pamoja, na umwache fundi akae hapo na soda yake mpaka jioni.