Kwa nini hatua hubadilika kabla hujafikiri

Umeuliza kwa nini mtu akipigwa kikumbo kutoka nyuma hujikuta ametupa hatua ndefu kabla hajaamua lolote. Ni kwamba kazi ya kwanza haiusubiri ubongo uwaze. Ndani ya misuli kuna vipokezi vinavyopima urefu wa msuli na kasi ya kuvutika kwake. Ukisukumwa mbele, kigimbi cha mguu uliokanyaga chini huvutika ghafla. Taarifa hupanda hadi uti wa mgongo na kurudi, na msuli huanza kuitikia ndani ya takriban milisekunde 40 hadi 50. Uamuzi wa makusudi huchukua zaidi ya milisekunde 100.

Hapo kigimbi ni breki: kinauzuia muundi usiinamie mbele haraka mno. Kikumbo kikiwa kikubwa, breki hiyo haitoshi, maana kiwiliwili kimeshautangulia unyayo. Ndipo hatua inayofuata hurefushwa, mguu utue mbele zaidi na misuli ya mbele ya paja ipunguze kasi iliyozidi. (Ukiwa umesimama kwenye daladala na dereva akakanyaga breki ghafla, mguu wako hufanya hivyohivyo.) Ukivutwa nyuma huwa kinyume: hatua hufupika, na kigimbi husukuma ardhi kwa nguvu zaidi kurudisha mwendo.

Wazee huanguka zaidi si kwa udhaifu wa misuli tu. Ishara zao za neva husafiri polepole, na msuli huchelewa kufikia nguvu inayohitajika.