Re: Programu ya kupanga kazi zangu, intaneti ikikatika itafanya kazi?

Kaka wa Shela, umeuliza kama kuna programu ya bure ya kupangia kazi za nyumba ya wageni ambayo haitakufa intaneti ikikatika. Jaribu Vikunja. Msimbo wake uko wazi, chini ya AGPL, leseni ya programu huria, na unaifungua kwenye brauza tu.

Mimi nimeiweka kwenye kompyuta kuukuu hapa Langoni, Lamu. Ni faili moja la kuendesha, na data inakaa kwenye SQLite, hifadhidata ndogo ya faili moja, basi huhitaji seva kubwa. Simu za nyumbani zinaifikia kwa Wi-Fi kupitia mlango (port) 3456, namba unayoiandika mwisho wa anwani ya kompyuta hiyo kwenye brauza. Intaneti ikienda zake, kazi zenu bado mnaziona, mradi umeme upo. Lakini ukishavuka kwenda Mokowe bara, nje ya Wi-Fi yako, hutaiona bila kuweka VPN, yaani njia salama ya kuingia mtandao wa nyumbani ukiwa mbali. Hilo lilinikera mwanzo, sasa nimezoea.

Jambo la kutazama mapema ni saa. Ukiiacha ilivyo inafuata GMT, nasi tuko saa 3 mbele. Weka Africa/Nairobi kwenye faili la mipangilio. Na kumbuka haijui saa zetu za Kiswahili: boti ya saa 12 asubuhi iandike 06:00, usije ukamkosesha mgeni ndege Manda!

Kazi za kurudia, kama kujaza tenki kila Jumatatu, zinajirudisha zenyewe ukizikamilisha. Nakala ya akiba nafanya kwa amri ya "vikunja dump", naitia kwenye fleshi.

Kompyuta yako ni Windows au Linux?