Jibu: Mabomba yanaelea juu ya barabara kwenye modeli ya 3D
Habari mkuu, kama nimekuelewa ramani ya mabomba inakaa sawa ukiiangalia kwa juu, ila ukiiingiza kwenye pacha wa kidijitali wa mji (yaani nakala ya mji ya 3D kwenye kompyuta) mabomba yanaelea hewani. Usihangaike na programu kwanza, angalia vimo. GPS inapima kimo kutoka kwenye duaradufu ya WGS 84 (umbo laini la kihesabu linalowakilisha dunia) wakati michoro ya mainjinia mara nyingi inahesabu kutoka usawa wa bahari, na hivyo viwili vinaweza kupishana hata mita 100 kutegemea uko wapi duniani, kwa hiyo badilisha vimo kwa modeli ya jioidi (inayoonyesha usawa wa bahari uko wapi kila mahali duniani) kama EGM2008, halafu jaribu na mfuniko mmoja wa chemba ambao kimo chake unakijua. Mimi huwa naanzia hapo. Ila tafadhali usiyashushe mabomba kwa mkono tu yapendeze machoni, kuna fundi atachimba akiziamini hizo namba.