Pampu ya gia inanguruma na presha haipandi: niongeze spidi?

Swali: Nakamua alizeti hapa Singida. Pampu ya gia inayosukuma mafuta kwenye chujio la vitambaa imeanza kunguruma kama inasaga kokoto, na mshale wa geji haufiki ulipokuwa unafika. Kijana wangu anataka tubadilishe puli izunguke kasi zaidi. Unasemaje, fundi?

Jibu: Ndugu yangu, puli iacheni kwanza. Pampu inayonguruma hivyo mara nyingi ina kiu, yaani haipati mafuta ya kutosha upande wa kuvuta. Ukiizungusha kasi zaidi, kiu inazidi.

Ndani mna gia mbili zilizoumana. Mota huzungusha moja, nayo huizungusha mwenzake. Wengi hudhani mafuta hupita katikati, meno yanapokutana. Hapana, hapo pamezibwa. Meno yanapoachana nafasi hufunguka, mafuta huvutwa ndani, kisha hubebwa kati ya jino na jino kandokando ya bodi, yaani ganda la pampu, hadi ng'ambo, ambako meno huumana tena na kuyakamua nje. Nafasi isipojaa, viputo hutokea na kupasuka vinapofika kwenye presha. Hizo ndizo kokoto zako.

Safisha chujio la bomba la kuvuta. Kisha, pampu ikiwa inazunguka, mwagia mafuta hayohayo ya alizeti kwenye maungio ya bomba hilo, moja baada ya jingine. Kelele ikitulia ghafla, umepata penye kuvuta hewa. Ikiwa inanguruma asubuhi tu, mafuta ni ya baridi na mazito. Yapashe moto kidogo.

Kelele ikiisha na presha bado iko chini, na vitambaa havijatoboka, zima umeme ufungue pampu. Pitisha ukucha ndani ya bodi. Ukikwama kwenye mikwaruzo, mafuta yanarudi nyuma kupitia hapo. Mafuta ya moto, kwa kuwa ni mepesi, hurudi zaidi. Pampu hizi ni imara ajabu: zinainua tipa, zinalainisha injini, zinalisha boila mafuta mazito. Lakini mchanga hauziachi salama, na alizeti iliyopigwa chini huja nao. Tuamisha mafuta kwenye tangi kwanza, na bomba la kuvutia lisiguse mashapo.

Halafu hakikisha vali ya usalama, ile inayofunguka presha ikizidi, inafanya kazi. Pampu ya gia haijui kusubiri: ukifunga njia ya kutokea huku inazunguka, kitapasuka kitu, na mafuta ya moto yatamrukia aliye karibu.