Superman yupi? Ushauri kwa wabishi wenzangu wa Tanga

Kama kijiwe chenu kimelala na ubishi wa nani ana nguvu zaidi kati ya mashujaa wa katuni Superman na Hulk bila kuufikisha popote, kesho msiuendeleze kabla ya kuulizana: Superman wa mwaka gani? Hulk wa hadithi ipi? Nimekaa vijiwe vya Ngamiani tangu enzi za kibanda umiza, tulipokuwa tukibanana kwenye mabenchi mbele ya televisheni moja, mpaka leo tunaposoma katuni zenyewe kwenye simu. Muda wote huo nimeona kwamba ubishi mwingi unaotutoa mishipa ya shingo ni wa watu wanaozungumzia wahusika wawili tofauti wenye jina moja.

Kuna kijana na binamu yake waliwahi kugombana kijiweni kwetu hadi wakawa wanapishana njiani bila salamu. Mkubwa alishikilia kwamba Superman anasukuma sayari kwa bega. Mdogo, aliyemjua kupitia filamu, akasema huo ni uongo mtupu, mbona anapigwa mpaka anavuja damu? Fundi baiskeli wa jirani, mtu mzima asiyependa kelele, alikuwa ameipindua baiskeli ya mteja ananyoosha ringi. Akalizungusha gurudumu, akaliangalia linavyoyumba, akauliza bila kuinua macho:

"Huyo wako umemsoma wapi?"

"Kitabu cha zamani, ami. Cha miaka ya sitini."

"Na weye?"

"Filamu, ami. Ya hivi karibuni."

"Basi mwagombania nini? Kila mtu na wake."

Jioni ile ndipo tukaanza kuzungumza jambo la maana, yaani ilikuwaje yule wa miaka ya sitini akawa na nguvu kiasi kile, na nani alimpunguza.

Historia yenyewe ni tamu kuliko ugomvi. Superman aliyetoka katika Action Comics mwaka 1938, aliyebuniwa na Jerry Siegel na Joe Shuster, hakuwa anaruka angani kama ndege. Alikuwa anachupa. Mruko wake mmoja ulifika kama mita 200, mbio zake zilishinda treni ya mwendo kasi, na ngozi yake haikupenywa na kitu kilicho chini ya kombora linalopasuka. Soma vizuri hapo: kombora lenyewe lingeweza kumwingia. Miaka ya 1940 akaanza kuruka kwelikweli. Jiwe la kryptonite linalomnyong'onyeza lilisikika kwanza kwenye mchezo wa redio mwaka 1943, ndipo baadaye likaingia vitabuni. Kufikia miaka ya 1950 na 1960 nguvu zilikuwa zimepanda hadi sayari zikawa za kusukuma tu, na adui wa kumtia jasho akawa taabu kupatikana. Mwaka 1986 mwandishi John Byrne akaisimulia upya hadithi yake tangu mwanzo na kumpunguza makusudi, ili apate tena kitu cha kumshinda. Ukiwachanganya hao wote ukamweka mmoja mbele ya Hulk, ni sawa na kusema Coastal Union itaifunga timu fulani bila kutaja kama ni ile iliyochukua ubingwa mwaka 1988 au ya msimu huu.

Hilo la mwaka ni jepesi, mtu akilisikia mara moja anashika. Zito ni kukubali kwamba hata ndani ya hadithi za mwandishi mmoja nguvu hupanda na kushuka, na kwamba kupanda na kushuka huko si kosa kila mara. Ushauri wangu mkubwa uko hapa: usiulize tu kama nguvu zimebadilika, uliza zimebadilika kwa sababu gani, na je, sababu hiyo tulipewa kabla au tuliwekewa baadaye ili shujaa aokoke.

Mchukue Hulk. Alitoka mwaka 1962, mkononi mwa Stan Lee na Jack Kirby, na katika toleo la kwanza alikuwa wa kijivu. Ukijani ulikuja toleo la pili kwa sababu wapiga chapa walishindwa kuupata ule ukijivu sawasawa. Sheria yake ikaja kujulikana na kila msomaji: hasira ikipanda, nguvu zinapanda. Katika katuni ya Secret Wars namba 4 ya mwaka 1984 aliangushiwa safu ya milima yenye uzito uliotajwa kuwa tani bilioni 150, akaizuia isiwaponde wenzake waliokuwa chini yake. Mashabiki wa Hulk huitembeza tani hiyo kama hati ya nyumba. Mimi naikubali, lakini na kurasa zake zote. Wakati ameushikilia mlima, Reed Richards, shujaa mwanasayansi aliyekuwa naye, alimchokoza kwa maneno makusudi ili hasira isimtoke. Mwandishi hakuivunja sheria yake, aliitumia. Kwa hiyo mtu akikuambia Hulk ana nguvu za tani bilioni 150, mjibu kwamba siku ile, akiwa na hasira ile, alikuwa nazo. Kesho yake akiwa ametulia ni habari nyingine, na hapo hakuna mgongano wowote.

Sasa mchukue Spider-Man, kwa sababu yeye anatupa pande zote mbili. Kitabu rasmi cha Marvel, kampuni inayomtoa yeye na Hulk, cha miaka ya 1980 kilimwekea uwezo wa kuinua tani 10. Mwanzoni mwa 1966, katika toleo la 33 la katuni yake, Steve Ditko alimchora akiwa amefunikwa na mtambo mzito kuliko kawaida yake, maji yanavuja kutoka juu, na dawa ya kumponya Shangazi May iko sakafuni mbele yake, mkono haufiki. Anajaribu anashindwa. Anamkumbuka mjomba wake aliyekufa. Anajaribu tena, misuli inatetemeka, na picha zinazidi kukua ukurasa kwa ukurasa kadiri mtambo unavyopanda, hadi unapofunua ukurasa mzima na kumkuta amesimama. Sijawahi kumsikia shabiki akilalamika kwamba pale alizidisha. Tulimwona akilipa kila kilo kwa uchungu wake.

Mwaka 1985 Spider-Man huyohuyo akampiga Firelord hadi akazimia. Firelord aliwahi kuwa mtangulizi wa Galactus, yule mla sayari, na moto wake ni wa kiwango cha anga za juu. Mashabiki wanaupinga ushindi huo mpaka leo, na mimi niko upande wao. Sababu yangu si ukubwa wa adui, maana mdogo kumwangusha mkubwa ni hadithi tunayoipenda wote. Sababu ni kwamba hatukuandaliwa kwa chochote, na hakuna kilichobaki baada yake. Waandishi waliofuata hawakumfanya Spider-Man awe wa daraja hilo. Huu ndio mtihani ninaowafundisha vijana: tendo ambalo hadithi zilizofuata zinaishi nalo ni ushahidi, na tendo ambalo kila mwandishi analipita kama halikutokea, liwekeni kando. Msilifute, lakini msilijengee nyumba.

Kwa hiyo nawaomba muache tabia ya kuleta kijiweni picha moja iliyokatwa. Mtu anakuja na simu, anakuonyesha Batman akimpiga ngumi Superman, basi kwake kesi imekwisha. Mwambie alete hadithi nzima. Mara nyingi utakuta kuna silaha, jiwe, ugonjwa au dawa ukurasa wa nyuma yake. Namba za kitabu rasmi nazo zina mpaka wake. Hulk na Thor, mungu wa radi mwenye nyundo, wote waliwekwa daraja la wanaoinua zaidi ya tani 100, na hilo neno "zaidi" limemeza kila kitu tunachokibishania.

Msitegemee kura pia. Mwaka 1996 kampuni za Marvel na DC, hii ya pili ikiwa ndiyo ya Superman na Batman, ziliwapambanisha mashujaa wao na kuwaachia wasomaji wapige kura katika mapambano matano. Superman akamshinda Hulk. Wolverine akamshinda Lobo, na pambano lao likamalizikia nyuma ya kaunta ya baa, hatukuliona hata. Storm, mwanamke anayeamuru mvua na radi, akamshinda Wonder Woman. Hapo Storm hupigiwa makofi kijiweni kwetu kila likitajwa, kwa kuwa mama yake ni Mkenya, na ukivuka tu Horohoro uko kwao. Nampenda Storm kwa moyo wote, tangu nilipojua kwamba walimleta mwaka 1975 akiwa na mizizi hii ya huku kwetu. Lakini kura zile zilipima mapenzi. Ukitaka kujua nani anapendwa, zitumie. Ukitaka kujua nani ana nguvu, rudi kwenye kurasa.

Huwa anatokea mtu wa kuuzima ubishi wote kwa kusema steringi hafi, mwandishi ndiye anayeamua nani ashinde. Stan Lee mwenyewe alikuwa akiwajibu mashabiki hivyo: mshindi ni yule mwandishi anayetaka ashinde. Ni kweli, na bado nakataa tuishie hapo. Mwandishi anaamua, msomaji naye anahukumu kama uamuzi ule umeheshimu yale aliyotuambia mwanzo.

Na Pwani tunayo hadithi ya kupimia jambo hili, ya zamani kuliko kampuni zote hizo. Muhamadi Kijuma wa Lamu aliandika utendi wa Fumo Liyongo mwaka 1913, kutokana na masimulizi yaliyokuwa yakienda tangu kale. Liyongo ni mtu wa kutisha. Akipuliza panda, yaani baragumu, inapasuka kwa pumzi yake. Lakini anapofungwa kwa pingu na minyororo hazikati kwa mikono. Anamtuma kijakazi Saada kwa mama yake aoke mkate wa wishwa, atie tupa ndani, ili walinzi wauone ni wa kimaskini wasiutake. Kisha anazikeza pingu zake huku nje ngoma na nyimbo zimepamba moto, mlio wa tupa usisikike. Ninapousoma utendi ule hapo ndipo ninaposimama kila mara. Mshairi angeweza kumfanya azikate kwa mkupuo mmoja, na wasikilizaji wangeshangilia. Akachagua kutuonyesha mpaka wa nguvu zake, na tangu hapo namwamini kwa kila kitu. Hata kifo kina sheria: sindano ya shaba, kitovuni, na si kitu kingine. Mwanawe anaipata siri hiyo kwa baba mwenyewe, anamsubiri alale, anamchoma. Liyongo anainuka, anachukua upinde, anapiga goti kisimani akiwa ametega mshale, anafia katika hali ile, na watu wanakaa bila maji kwa kuogopa maiti. Hakuna mstari unaogeuza neno lililotangulia. Mkoa huu uliomzaa Shaaban Robert umezoea kumsikiliza malenga na kumshika anapokosea vina. Masikio hayohayo tuyatumie kwa Marvel na DC.

Wale binamu wanasalimiana sasa, na mdogo ndiye mkali wa kutaka mwaka na namba ya toleo kuliko sisi sote. Kwa sasa tunabishana nyundo ya Thor. Mwaka 1988 Captain America aliinyanyua katikati ya vita, na wapo wanaotaka kuitia katika hesabu ya nguvu zake. Mimi naikataa hesabu hiyo. Maandishi ya nyundo yenyewe yanasema atakayeishika, akiwa anastahili, atapata nguvu za Thor, kwa hiyo kinachopimwa pale ni stahiki, na misuli haihusiki. Hulk akishindwa kuinyanyua hajapungukiwa na nguvu hata chembe. Mkubwa wa wale binamu hakubaliani nami, anasema Hulk akifikia hasira ya kutosha hakuna uchawi utakaomzuia. Mwenye hadithi inayomuunga mkono aje nayo nzima, tuisome pamoja baada ya isha.