Maswali Yenu: Kutembeza Watu na Kuzungumzia Usafiri wa Mji wa Tanga

Barua nyingi mwezi huu zimeuliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mtu akitaka kuandaa matembezi ya miguu au mazungumzo ya hadhara kuhusu usafiri wa umma Tanga, wa jana na wa leo, aanzie wapi? Tumechagua saba.

Sisi ni kikundi cha vijana wa Chumbageni. Tunataka kuwatembeza watu bure, kutoka stesheni ya reli hadi Ngamiani. Njia iwe ndefu kiasi gani, na tuchukue watu wangapi?
*Vijana, Chumbageni*

Kilomita 2.5, saa 2, watu 15 hadi 20. Msizidishe. Kundi la watu 20 haliendi mwendo wa mtu mmoja. Kuna kuvuka barabara, kuna anayenunua maji, kuna aliyekutana na shemeji yake. Kundi kama hilo huenda chini kidogo ya kilomita 3 kwa saa, kwa hiyo kutembea peke yake kutakula dakika 55 hivi. Zinabaki 65. Wekeni vituo 7 vya dakika 8 kila kimoja, na dakika 9 zilizobaki ziacheni wazi, maana zitaliwa tu.

Anzeni saa 1 asubuhi, Jumamosi. Jua halijawa kali na daladala zimeshaanza kujaa, kwa hiyo kuna cha kuona. Mkianza baada ya sala ya Alasiri, Magharibi itawakuta bado mko njiani na nusu ya watu watawaaga. Jumapili asubuhi ni tulivu mno kwa kazi hii.

Jambo kubwa la kuonyesha katika njia yenu ni jinsi reli ilivyoukata mji. Kaskazini yake, kati ya reli na bandari, ndiko ulikojengwa mji wa ofisi na biashara kubwa wakati wa Wajerumani. Kusini ndiko Ngamiani, na mitaa yake ya namba iliyonyooka. Anayelala kusini na kufanya kazi kaskazini hana budi kuivuka reli kila siku. Simamisheni watu karibu na kivuko kimojawapo kwa dakika 8 nzima, msiseme sana, wahesabu wenyewe ni nani anapita: baiskeli, mkokoteni, bajaji, daladala, mwenda kwa miguu. Hapo wataelewa mpango wa mji kuliko kwa ramani yoyote.

Msemaji asimame akiangalia jua, ili wasikilizaji walipe mgongo. Kipaza sauti kidogo cha kuvaa kiunoni kinatosha. Mtu mmoja avae refrekta na awe mkia wa kundi. Kazi yake ni kutomwacha mtu nyuma, basi.

Je, tunahitaji kibali? Na picha za stesheni zinaruhusiwa?
*Msomaji, Makorora*

Sheria ya polisi inataka anayeitisha mkusanyiko au maandamano mahali pa wazi atoe taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla. Ninyi msingoje saa 48. Pelekeni barua kwa mkuu wa polisi wa wilaya wiki moja mapema, na nakala kwa halmashauri ya jiji na ofisi ya mtendaji wa kila kata mtakayopita. Barua iwe ukurasa mmoja: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, njia kwa majina ya barabara, idadi ya watu, jina na simu ya kiongozi. Mkiandika kwamba mtazungumzia “masuala ya usafiri” bila kufafanua, mtaitwa kuulizwa. Andikeni wazi kwamba ni historia ya reli, mabasi na baiskeli.

Stesheni ina mwenyewe. Mwoneni mkuu wa stesheni ana kwa ana kabla ya siku yenyewe, mmuulize mnaweza kusimama wapi na kupiga picha zipi. Bandarini msielekeze kamera bila ruhusa ya maandishi. Na hakuna kutembea juu ya reli, hata kama hamjaona treni tangu asubuhi. Hesabuni kila reli kuwa ina treni inayokuja.

Kila mtu ana mwaka wake wa reli ya Tanga. Mmoja anasema 1893, mwingine 1896, mwingine 1911, mwingine 1912. Tuwaambie watu upi?
*Mwalimu wa sekondari, Pongwe*

Yote ni sahihi, mwalimu, ila kila mmoja unajibu swali lake. Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893. Kampuni ya Kijerumani iliyokuwa ikijenga iliishiwa fedha, na miaka mitatu baadaye, 1896, ilikuwa imefika Muheza tu, kilomita 40. Serikali ya kikoloni ikaichukua mwaka 1899. Korogwe, kilomita 84, ilifikiwa 1902. Mombo, kilomita 129, mwaka 1905. Vyuma vilifika Moshi, kilomita 352, mwaka 1911, na ufunguzi rasmi ukafanyika 1912. Hapo ndipo ugomvi mwingi unapotoka: mmoja anahesabu siku reli ilipofika, mwenzake anahesabu siku wakubwa walipokata utepe. Katika mazungumzo semeni vyote viwili, kila mwaka na tukio lake.

Ongezeni mitatu. Novemba 1914, reli hii ndiyo iliyoleta askari kutoka Moshi kupigana na jeshi la Waingereza lililoshuka Tanga. Mwaka 1929 reli ilifika Arusha. Mwaka 1963 tawi la Mnyusi hadi Ruvu likaiunganisha Tanga na Reli ya Kati; kabla ya hapo hakukuwa na treni ya kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam kwa reli za nchi yetu.

Baba yangu alifanya kazi reli na ameacha tiketi, vifungo vya sare na kipande cha chuma cha reli. Tutajuaje ni vya mwaka gani?
*Msomaji, Raskazone*

Pole kwa msiba, na ahsante kwa kuvitunza. Anza na herufi. Kilichoandikwa kwa jina la Reli na Bandari za Afrika Mashariki kwa pamoja ni cha kati ya 1948 na 1969. Bandari zilipotengwa likabaki shirika la reli peke yake, 1969 hadi 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 likazaliwa TRC, Shirika la Reli Tanzania. TRL, kampuni ya reli iliyochukua nafasi yake, ni ya kuanzia 2007, na jina TRC likarudi 2017. Kwa hiyo “TRC” peke yake haitoshi. Tazama karatasi, wino na bei ya nauli.

Chuma cha reli kisafishe ubavuni kwa brashi kavu, usitumie msasa. Mara nyingi pana maandishi yaliyoinuka: jina la kiwanda na mwaka. Mwaka huo ni wa kufuliwa chuma, si wa kutandikwa. Reli zikichakaa kwenye njia kuu huhamishiwa njia za pembeni, kwa hiyo chuma cha zamani kinaweza kuokotwa kwenye tawi lililojengwa juzi. Kosa hili hufanywa sana, nalo huharibu maonyesho mazima.

Mkiwahoji wastaafu wenzake, msiulize “ilikuwa mwaka gani?” Muulizeni mzee: ilikuwa kabla ya Azimio la Arusha au baada? Kabla ya Vita vya Kagera? Ulikuwa zamu ya usiku? Taa uliibeba mkono gani? Mkononi mwake mwekeeni tiketi au kifungo wakati anazungumza. Kumbukumbu hufuata kitu. Muulizeni pia mataruma, yale yanayolazwa chini ya reli, yalikuwa ya mti au ya chuma. Wajerumani walitumia sana ya chuma kwa sababu ya mchwa, na aliyeyabeba hasahau uzito wake. Rekodini kwa simu mbili, si moja, na mpate idhini yake kabla ya kuisikilizisha sauti yake hadharani.

Kwa nini daladala hukaa kijiweni hadi zijae, halafu zinakuja tatu kwa mpigo? Tungependa kulieleza hili katika matembezi bila kumtukana dereva wala konda.
*Kijana, Ngamiani*

Swali zuri, na hamtakosa watu wa kulisikiliza. Dereva wengi hawana mshahara. Kila siku wanampelekea tajiri, yaani mwenye gari, hesabu ya fedha waliyokubaliana, wanajaza mafuta, na kinachobaki ndicho chao na konda. Kiti kitupu ni hasara ya dereva mwenyewe, kwa hiyo kijiweni atasubiri na katikati ya njia atakimbia ili awahi abiria kabla ya mwenzake. Jioni abiria wakipungua upande mmoja, atakatisha ruti. Hilo halitokani na tabia mbaya. Ndivyo malipo yalivyopangwa.

Kufuatana kwa mpigo kuna sababu ya pili. Gari likichelewa dakika 3, kituoni linakuta abiria wengi zaidi, linachukua muda kuwapakia, linachelewa zaidi. La nyuma linakuta vituo vitupu, linapita haraka, linalifikia la mbele. Hata madereva wawe malaika, bila mtu wa kuyatenganisha magari yatafuatana.

Gharama ya abiria inahesabika. Daladala zikipita kila baada ya dakika 10, anayefika kituoni bila kutazama saa husubiri wastani wa dakika 5. Zikipita mbili mbili, ya pili ikiifuata ya kwanza kwa dakika 2 kisha pengo la dakika 18, idadi ya magari kwa saa ni ileile, lakini wastani wa kusubiri unapanda hadi dakika 8.2. Sababu ni kwamba watu wengi zaidi huangukia lile pengo refu. Andikeni hesabu hii kwenye kadi na muisome mkiwa kituoni, si ukumbini.

Kisha wapeni washiriki kazi. Watu wawili kwa kituo, upande mmoja tu wa barabara, dakika 60. Mmoja anaandika saa hadi nusu dakika, ruti na aina ya gari (Coaster, kipanya, bajaji). Wa pili anahesabu waliopanda na waliobaki, na anatia alama ya ujazo: 0 viti vimebaki, 1 levo siti, 2 wamesimama, 3 wananing'inia mlangoni. Fanyeni mara tatu: saa 12:30 asubuhi, saa 7 mchana, saa 11 jioni.

Vinavyoharibu hesabu ni hivi. Kukaa jirani na kijiwe, ambako bajaji moja hupita mara tano ikitafuta abiria. Kuhesabu siku ya mechi Mkwakwani. Kuchanganya Ramadhani na siku za kawaida, kwani jioni za mfungo watu hurudi nyumbani mapema wote kwa pamoja. Na kumweka mtu mmoja afanye kazi ya wawili. Baada ya dakika 20 anakisia.

Tunaona mabasi yaendayo haraka Dar es Salaam. Je, Tanga nayo isidai?
*Msomaji, Pongwe*

Elezeni kwanza kile kitu ni nini. Awamu ya kwanza, iliyoanza kutoa huduma Mei 2016, ina kilomita 20.9, kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco. Mwendokasi hautokani na injini ya basi. Unatokana na mambo matatu: njia iliyotengwa katikati ya barabara, tiketi kukatwa kabla ya kupanda, na jukwaa kuwa sawa na sakafu ya basi. Na semeni lililoharibika pia: karakana ya Jangwani iliwekwa kwenye bonde la Mto Msimbazi na imefurika mara kadhaa.

Sasa hesabu. Basi la mita 18 hubeba watu kama 150. Moja kila dakika ni watu 9,000 kwa saa kwa upande mmoja. Kuwabeba hao kwa bajaji za abiria 3 kungehitaji bajaji 3,000 kwa saa, na njia moja ya barabara haipitishi kiasi hicho. Dar es Salaam ina barabara zenye watu wengi namna hiyo.

Kwa Tanga, maoni yetu ni kwamba si hitaji la sasa. Coaster ya viti 26 kila dakika 5 inabeba watu 312 kwa saa, sawa na bajaji 104, na haihitaji zege jipya. Inahitaji ratiba na mtu wa kuisimamia kijiweni. La pili ni stendi ya Kange. Tangu mabasi ya mikoani yaishie huko nje ya mji, safari ya kila mgeni ina kipande cha pili, na anayeshuka usiku na mizigo hana uchaguzi mpana. La tatu ni baiskeli: Tanga ni tambarare na watu wake wameendesha baiskeli vizazi na vizazi. Maegesho yenye kivuli na mlinzi pale Kange na sokoni yangesaidia watu wengi kwa fedha kidogo. Haya matatu yanatosha kwa mazungumzo ya jioni nzima.

Tukishahesabu, tupeleke wapi?
*Msomaji, Maweni*

LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, iliyoundwa kwa sheria ya 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA upande wa nchi kavu, ndiyo inayotoa leseni za ruti na kusimamia nauli. Vituo, mitaro na njia za miguu ni suala la halmashauri au mwenye barabara. Kwa hiyo andikeni barua mbili, msiandike moja yenye kila kitu. Ya LATRA itaje ruti moja, kituo kimoja, tarehe, saa, magari mangapi yalipita, pengo refu lilikuwa dakika ngapi na watu wangapi walibaki. Ambatisheni karatasi za hesabu zenyewe, hata kama zina matope. Msitaje namba za magari. Mkizitaja, dereva mmoja ataadhibiwa na ruti itabaki vilevile. Ombeni kitu kimoja, kwa mfano magari yaachane dakika 8 kati ya saa 12:30 na saa 2 asubuhi, na mpeleke nakala kwa chama cha madereva wa ruti hiyo kabla hamjaifikisha ofisini.